Fashifashi kwa Katoni: Wauzaji wa Jumla wa Kanda ya Kati Wanauliza

Biashara ya fashifashi huku Kanda ya Kati ina msimu mfupi kuliko wa zabibu. Inachangamka Novemba, inapanda wiki ya Krismasi, na asubuhi ya Januari 1 imekwisha. Ndani ya wiki hizo chache, mtu aliyezoea kuuza maputo na mishumaa ya keki anajikuta na mamia ya kilo za baruti nyuma ya duka, na haiiti baruti. Maswali ya mwezi huu ni ya wauzaji wa jumla, wale wanaouza kwa katoni. Tunaandika fashifashi. Wengine husema fataki, ila jina hilo mtaani limeshahamia kwa wazee wanaowasumbua wanafunzi, na risiti iliyoandikwa "fataki, katoni tano" huchekesha foleni nzima.

SWALI: Mbukwenyi wahariri. Nina duka la jumla la vifaa vya sherehe. Leseni ya biashara ninayo, namba ya mlipakodi (TIN) ninayo, mashine ya risiti ya EFD ninayo. Mwaka huu nataka kuongeza fashifashi kwa katoni. Kuna karatasi nyingine ninayodaiwa?
Mama wa duka, Majengo, Dodoma

JIBU: Mbukwa, mama yetu. Zipo, na ndizo nzito zaidi. Leseni ya biashara inakuruhusu kuuza. Haikuruhusu kukaa na baruti. Na fashifashi ni baruti kweli: unga unaorusha roketi juu ni uleule unga mweusi wa kale, takriban asilimia 75 naitreti ya potasiamu, 15 makaa na 10 salfa. Ndiyo maana habari yake haiishii kwa afisa biashara. Inaangukia kwenye Sheria ya Baruti, Sura ya 45, ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Wizara ya Madini kupitia Tume ya Madini. Watu wakisikia Tume ya Madini huwaza machimbo ya Mirerani na Geita, kumbe makao makuu yake yapo hapa hapa Dodoma, na mikoani kuna ofisi za Maafisa Madini Wakazi.

Anzia ofisi hiyo kabla hujalipa kodi ya ghala, na kabla hujatuma hata shilingi kwa anayekuuzia. Ulizia mambo manne, kila moja kwa jina lake, maana kibali kimoja hakibebi kingine: kuingiza mzigo nchini, kununua na kumiliki, kuhifadhi, na kusafirisha. Ukinunua Dar es Salaam kwa mwagizaji mwenye vibali, hilo la kwanza ni lake. Matatu yaliyobaki ni yako. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanadhani karatasi za aliyewauzia zinawafunika na wao.

Nenda na faili, si na maneno matupu. Liwe na cheti cha usajili wa biashara, TIN, mkataba au barua ya nia ya kupanga ghala, mchoro wa jengo unaoonyesha milango na majirani wa pande zote nne pamoja na umbali kwa mita, orodha ya bidhaa kwa aina na uzito, na karatasi za uainishaji kutoka kiwandani. Mchoro hata ukichorwa kwa rula na kalamu unasaidia, mradi vipimo viwe vya kweli. Afisa akija na futi kamba akakuta "mita 20" ni mita 9, umeanza vibaya.

Baada ya hapo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji likague jengo, ndipo urudi kwenye leseni ya biashara kuhakikisha bidhaa mpya inaonekana. Leseni za kundi A, ikiwemo ya kuagiza bidhaa nje, ziko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Za kundi B ziko halmashauri, na maombi yake hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Kituo cha polisi cha eneo lako nacho kijue ghala lilipo kabla mzigo haujaingia.

Kosa la gharama kubwa ni la mpangilio: mtu analipa pango la mwaka mzima, kisha mkaguzi anafika na kukuta gesti ghorofa ya juu na mama lishe ukutani. Ghala linakataliwa na mwenye nyumba harudishi hela. Weka kwenye mkataba kifungu kinachosema pango linaanza kuhesabika jengo likishakubaliwa na wakaguzi.

SWALI: Katoni nyingine zimeandikwa 1.4G, nyingine 1.3G. Aliyeniuzia anasema ni maandishi ya kiwanda tu, mzigo ni uleule. Ni kweli?
Muuzaji wa jumla, Singida mjini

JIBU: Si kweli, na hata bei yake haipaswi kuwa moja. Tarakimu ya kwanza, 1, ni kundi la vilipuzi katika mpangilio wa Umoja wa Mataifa. Inayofuata inasema mzigo utafanya nini ukishika moto. 1.4 ni hatari ndogo, ambayo kwa kawaida huishia karibu na katoni yenyewe. 1.3 ni moto mkubwa wenye joto kali, na pengine mlipuko mdogo au vipande kuruka. 1.1 ni shehena nzima kulipuka kwa pamoja. Herufi G inahusu aina ya kemikali zilizomo. Kila daraja lina namba yake kwenye katoni: fashifashi za 1.4G ni UN0336, za 1.3G ni UN0335, za 1.1G ni UN0333. Bidhaa za kumuuzia raia wa kawaida karibu zote ni UN0336. Ukiona UN0335 kwenye mzigo unaotaka kuuza madukani, usimame hapo hapo, kwa sababu kwa kawaida hizo ni za watu wa maonyesho waliosomea kazi.

Ukubwa nao unasema. Marekani, kombora la kurushwa kwa mtungi linalouzwa kwa raia halizidi kipenyo cha inchi 1.75 na gramu 60 za mchanganyiko wa baruti. Mteja akikuulizia la inchi 3 au 4, anatafuta bidhaa ya wataalamu, hata kama karatasi ya nje imechorwa katuni.

Sasa itazame katoni yenyewe, maana hapo ndipo kazi yako ya kila siku ilipo. Lazima iwe na lebo ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, rangi ya chungwa, imeandikwa 1.4 na G. Pembeni yake kuwe na namba ya UN, uzito wote, jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Pitisha kucha pembeni mwa lebo. Ikiwa chini yake kuna lebo nyingine, piga picha na uikatae katoni hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawaambiwi. Daraja la 1.4G halikutolewa kwa fashifashi peke yake, limetolewa kwa fashifashi zikiwa ndani ya katoni ile, zimepangwa vile, na vizuizi vyake vile. Ukizitoa ukazimimina kwenye ndoo, pipa au kiroba, lebo imepoteza maana. Ukizibana kwenye chuma, hali inakuwa mbaya zaidi. Mei 13, 2000, mjini Enschede, Uholanzi, ghala la fashifashi liliungua na kulipuka. Watu 23 walikufa na mamia wakajeruhiwa, na mtaa uliolizunguka ukabomoka. Ndani kulikuwa na makontena ya chuma yaliyojaa, na uchunguzi ulionyesha sehemu ya mzigo ilikuwa ya daraja la hatari kubwa kuliko lililoruhusiwa.

SWALI: Nina ghala la bati Kizota. Upande mmoja nimeweka sukari na mafuta ya kula, upande mwingine viberiti na sabuni. Nafasi ya katoni 60 za fashifashi ipo kabisa. Nifuate vipimo gani?
Mfanyabiashara, Kizota

JIBU: Kaka, tuanze na hesabu, maana neno "katoni 60" linadanganya. Tuseme katoni moja ina kilo 15. Jumla ni kilo 900. Pale ambapo kiwanda hakijaandika uzito wa baruti halisi, Uingereza na Marekani hukadiria robo ya uzito wote. Robo ya 900 ni 225. Yaani unauliza kama unaweza kuweka magunia mawili na robo ya baruti, gunia la kilo 100, jirani na viberiti na mafuta ya kula. Jibu ni hapana, na ghala hilo lisiguswe kwa kazi hii.

Fashifashi zinataka jengo lao peke yake: la chini lisilo na ghorofa, kuta za tofali au bloku, halijashikana na jengo lingine, na hakuna mtu anayelala humo, mlinzi akiwemo. Ndani kusiwe na viberiti, mafuta, rangi, thina, petroli, mitungi ya gesi, mbolea za naitreti wala klorini ya kusafishia maji. Hizo mbili za mwisho watu huzisahau. Ni vitu vinavyoulisha moto oksijeni, na klorini ya unga ikimwagikiwa mafuta inaweza kuwaka bila kiberiti.

Kontena la futi 20 linavutia kwa sababu linafungika vizuri na linapatikana. Ila juani Dodoma mwezi wa Novemba ni tanuri, na moto ukitokea ndani yake gesi haina pa kutokea. Usijiamulie kulitumia bila idhini ya mkaguzi. Nyumba ya bloku yenye paa jepesi, dari, na matundu ya hewa juu na chini yaliyozibwa kwa wavu wa chuma ni bora mara nyingi.

Panga katoni juu ya paleti za mbao, zisiguse sakafu, na acha sentimita 30 hivi kutoka ukutani ili uone kama kuta zinavuja. Juu usizifikishe kwenye bati. Tunashauri mita 1 ya nafasi. Njia ya katikati iwe na mita 1.2, watu wawili waweze kupishana bila kugusa mzigo. Urefu wa rundo ufuate alama iliyo kwenye katoni, na katoni ya chini ikianza kubonyea pembeni, rundo limezidi. Milango ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa kufuli wala komeo wakati kuna mtu ndani.

Umeme ni bora usiwepo kabisa. Fanya kazi mchana, mwanga wa dirisha unatosha. Ukilazimika, swichi ikae nje na taa iwe ya baridi iliyofunikwa. Soketi, betri za sola, inveta na chaja za simu zisiingie. Kumbuka pia ukavu wa hewa yetu kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza: nguo za nailoni na poliesta zinakusanya umeme tuli, ule unaokutwanga ukishika mlango wa gari. Wabebaji wavae pamba, na waguse kipande cha chuma kilichochimbiwa ardhini kabla ya kuingia. Mvua za Desemba nazo huja na radi wakati uleule ambao ghala limejaa, kwa hiyo mtego wa radi si pambo.

Nje kuna nyasi. Kanuni za Marekani za maghala ya vilipuzi zinataka nyasi kavu, vichaka na takataka ziondolewe umbali wa futi 25, ambazo ni kama mita 7.6, na mtu asivute sigara wala kuwasha moto ndani ya futi 50, karibu mita 15. Kwa Kizota tungeongeza zaidi, kwa sababu ya upepo na ile tabia ya majirani kuchoma takataka jioni. Nenda ukaongee nao mmoja mmoja. Bango la "hatari" halizuii cheche iliyopeperushwa kutoka shimo la jirani.

Na panya. Panya anatafuna katoni, anafika kwenye utambi, anautoa ganda lake, na unga unabaki sakafuni mstari mwembamba wa kijivu. Ukiuona, usifagie kwa ufagio wa nailoni wala usikokote katoni juu yake. Toa watu, lowesha kwa maji kidogo kidogo, futa kwa kitambaa chenye maji, kisha ita mkaguzi. Chakula kisiwepo karibu na ghala hilo, hata ugali wa mlinzi.

SWALI: Ghala la ukubwa huo linahitaji mitungi mingapi ya kuzimia moto?
Msimamizi wa stoo, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Idadi mtapewa na Zimamoto baada ya kuliona jengo. Sisi tungependa ujue mtungi una kazi gani. Ni wa kuzima karatasi, nyasi, paleti au waya kabla moto haujafika kwenye mzigo. Mzigo ukishashika, mtungi wa poda au wa kaboni dayoksaidi hausaidii. Wa kaboni dayoksaidi huzima kwa kuunyima moto hewa, na wa poda hasa kwa kukatiza mwako wa kawaida unaotegemea hewa, ila fashifashi haihitaji hewa ya nje; oksijeni yake imo ndani ya naitreti na pakloreti ilizochanganywa nazo.

Kwa hiyo sheria ya stoo iwe fupi: katoni ikiwaka, kila mtu anatoka na harudi. Novemba 3, 2004, huko Seest nchini Denmark, katoni moja ya roketi ilianguka wakati wa kushughulikia kontena ikawaka. Moto ukaenea kwenye maghala ya fashifashi jirani na kumuua mzimamoto mmoja. Wafundisheni wabebaji wenu kutorusha katoni. Ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa pale Fuso linaposhushwa saa kumi na mbili jioni kila mtu akiwahi daladala.

Mkitoka, pigeni 114. Msiseme "moto dukani". Semeni ni fashifashi, daraja gani, katoni ngapi, mtaa na alama ya karibu, na kama kuna mtu amebaki ndani. Mwongozo wa dharura unaotumika Amerika Kaskazini unataka watu wawekwe mita 500 kutoka lori la mzigo wa 1.4 linaloungua, kwa hiyo wazimamoto wakifika wanahitaji kujua kama wasogee au wakae mbali. Nakala ya orodha ya mzigo ikae nje ya ghala, getini au kwenye simu za watu wawili. Orodha iliyobandikwa ndani ya mlango itaungua na mlango.

SWALI: Wateja wangu wa Kondoa na Manyoni huwa nawatumia katoni mbili mbili kwa basi. Makondakta hawakatai. Kuna ubaya?
Muuzaji, Nkuhungu

JIBU: Upo, mkubwa. Kondakta kukubali si kibali. Buti la basi limekaa chini ya abiria, limejaa mabegi, pengine dumu la mafuta ya alizeti na jiko la gesi la mtu anayehama, na mlango wake unafunguliwa kila kituo. Katoni inakaliwa na mizigo mingine na inapasuka. Usitumie bodaboda wala bajaji pia, hata kwa safari ya Area C hadi Kisasa.

Gari linalofaa ni lenye bodi lililofungwa, au lililofunikwa turubai lisilopitisha maji. Lisibebe kitu kingine. Sakafu iwe safi, isiwe na misumari iliyojitokeza wala mabaki ya mbolea. Katoni zibanwe zisicheze, lakini zisikazwe kwa kamba hadi zikabonyea. Gari libebe kibali cha kusafirisha, orodha ya mzigo, lebo za chungwa na mitungi miwili ya kuzimia moto. Dereva ajaze mafuta kabla ya kupakia, asivute sigara, asibebe lifti, na akitaka kula ashuke mtu mmoja, mwingine abaki na gari. Safari iwe ya mchana. Kutoka Dodoma hadi Singida ni kama kilomita 240, hakuna sababu ya kulala njiani na mzigo huo.

Kutoka Dar, mwambie dereva mapema kwamba kwenye mizani ya Vigwaza na Mikese anaonyesha karatasi zote bila kusubiri kuulizwa. Mzigo ulioandikwa "vifaa vya sherehe" kwenye hati, kisha ukafunguliwa ukakutwa UN0336, unageuza ukaguzi wa dakika kumi kuwa siku tatu.

SWALI: Wamachinga wanataka nusu katoni. Nifungue?
Dukani, Sabasaba

JIBU: Ukiweza kukataa, kataa. Ukifungua, tumesema hapo juu, lebo ya 1.4G imepoteza nguvu, na vipande vilivyobaki ndivyo vinavyoibiwa na kuchezewa na watoto wa mtaani. Ikibidi, kazi hiyo ifanyike nje ya ghala, mahali pa peke yake, katoni moja kwa wakati, na kilichobaki kirudi kwenye katoni yake ya asili kikiwa kimefungwa.

Lakini swali lililo nyuma ya hilo ni unamuuzia nani. Fungua daftari lenye tarehe, jina na simu ya mnunuzi, namba ya kibali au leseni yake, aina ya bidhaa, namba ya toleo na idadi. Namba ya toleo hiyo usiiruke. Keki ya risasi 36 (boksi la mitungi iliyounganishwa inayorusha mfululizo) ikipinduka ikapiga watu, utahitaji kujua katoni nyingine 11 za toleo hilo ziko kwa nani. Asiye na karatasi asipewe, na mtoto wa chini ya miaka 18 asiuziwe hata kijiti cha cheche. Vijiti hivyo vinavyoonekana vya kitoto huungua kwa zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, na waya wake hubaki wa moto muda baada ya mwanga kuzimika. Dukani onyesha maboksi matupu. Mzigo hauna haja ya kukaa dirishani unachomwa na jua la saa nane.

Mteja wa rejareja naye mkumbushe kwamba kununua siyo ruhusa ya kulipua. Kila Desemba Jeshi la Polisi hukumbusha kuwa kupiga fashifashi mkesha wa Mwaka Mpya kunahitaji kibali. Ombi lipelekwe mapema, likitaja mahali, saa na msimamizi, na kama ni maeneo yanayozunguka Uwanja wa Ndege wa Dodoma, watu wa uwanja wajulishwe pia. Umbali wa watazamaji usomwe kwenye lebo. Uingereza, bidhaa za kundi F2 zinataka angalau mita 8 na za F3 mita 25. Ua wa nyumba nyingi za Area D haufiki hata nusu ya hizo 25.

SWALI: Maharusi siku hizi wanataka fashifashi ndani ya ukumbi. Niwauzie zipi?
MC na muuza mapambo, Ipagala

JIBU: Za nje, hakuna hata moja. Ukumbi wenye vitambaa vilivyotandazwa darini na maua ya plastiki unawaka haraka kuliko watu wanavyoweza kufika mlangoni. Februari 20, 2003, katika klabu moja ya West Warwick, Rhode Island, Marekani, cheche za jukwaani zilishika sifongo la ukutani na watu 100 wakafa. Zipo bidhaa zilizotengenezwa kwa ajili ya ndani, na hilo huandikwa waziwazi kwenye lebo. Hata hizo, mwenye ukumbi na Zimamoto wakubali kwanza, vitambaa vishushwe, na milango yote ya dharura iwe wazi bila meza ya zawadi mbele yake.

SWALI: Mwaka jana paa lilivuja, katoni saba zikalowa. Tulizianika juani siku mbili zikakauka vizuri, zipo stoo. Pia nina katoni 20 nzima zilizobaki. Naweza kuziuza msimu huu?
Mzee wa jumla, Bahi

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Hizo 20 nzima zinauzika, ikiwa zimekaa pakavu, kibali cha kuhifadhi hakijaisha muda, na ukikagua katoni chache kwa macho huoni kutu kwenye pini za katoni, doa la maji wala utambi uliobadilika rangi.

Hizo saba zisiuzwe, na jua la siku mbili ndilo lililoziharibu zaidi. Naitreti ya potasiamu inayeyuka kwenye maji. Karatasi ikikauka, inajikusanya mahali pengine kama chumvi, kwa hiyo mchanganyiko uliopimwa kiwandani haupo tena. Unga wa kurushia unadhoofika wakati kombora lenyewe bado zima: linatoka mtungini kivivu, linapanda mita chache, linapasukia usawa wa macho. Mtungi wa karatasi uliovimba nao hupasuka kwa pembeni au huangusha keki ikiwa katikati ya kurusha. Tena aluminiamu na magnesiamu zilizomo, zikikutana na maji, zinaweza kutoa joto na gesi ya haidrojeni. Kuanika mzigo kama huo juani ni kuuongezea joto.

Usizichome, usizifukie, usizitumbukize chooni, na usizipasue kutoa unga. Kuloweka ndoo ya maji usiku kucha ni kwa kipande kimoja kilichogoma kuwaka kwenye sherehe, si kwa katoni saba. Zisipangwe juu ya nyingine. Ziwekwe peke yake, mbali na zile 20, ziandikwe kwa kalamu nene "ZIMELOWA – ZISIUZWE" pamoja na tarehe, zifutwe kwenye hesabu ya kuuza na ziingizwe kwenye ukurasa wake wa daftari. Kisha andika barua kwa Afisa Madini Mkazi ukitaja idadi, uzito na namba za toleo, na uombe mkaguzi wa baruti aelekeze namna ya kuziteketeza. Mpaka ajibu, mtu yeyote asiziguse. Na paa lizibwe leo, kabla ya mzigo mpya.